Dada Pasi na Joho la Kumi na Mbili

Mimi nilisoma hadi darasa la sita na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonipa akili. Dada yangu hakufika hata la tatu. Lakini ile Krismasi ya joho aliniacha mbali mpaka leo nasimulia, kwa hiyo nyinyi wapwa zangu mnaojiona wajanja wa simu, tulieni.

Mtaa mzima ulimwita Dada Pasi. Enzi hizo umeme ulikuwa wa wakubwa. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito kama uso wa mama mkwe, na aliitumia kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, jasho likimtiririka. Anachovya vidole kwenye bakuli la maji, ananyunyiza, pasi inafuata, nguo inanyooka yenyewe kama imeogopa. Shati la mwalimu alilijua kwa chaki ya kiwikoni, la dereva kwa jasho la mgongoni. Hajawahi kumrudishia mtu nguo isiyo yake.

Mwaka ule kwaya ilishonesha majoho kumi na mawili mapya, meupe, yenye kola na vifungo, yote saizi moja, ya kuvaliwa siku ya Krismasi. Dada aliyapiga pasi na kuyakunja, mimi nikayapeleka kabatini kanisani, nikijisifu njiani kana kwamba nimeyashona. Nilihesabu mara mbili. Kumi na mawili.

Asubuhi ya mkesha, wakati wa kugawana, yakatoka kumi na moja.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa na duka la mashati pale kona. Bwana wa sauti nzito, na tumbo lililoanza kumtangulia. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtunza kanisa peke yake, mgane mpole tuliyemwita Bwana Funguo, aliyeishi kwenye kichumba cha nyuma ya kanisa. Basi mwenyekiti akamwita mwizi mbele ya kwaya nzima, akamwambia joho lisipoonekana kabla ya jua kuzama, aweke funguo mezani na afungashe virago.  Mzee alizibana tu funguo zake kiganjani zisilie.

Mimi nilisema ni panya. Nikaeleza kwa kirefu jinsi panya anavyoweza kuburuta joho.

"Mdogo wangu," dada akasema, "huyo panya wako anavaa saizi gani?"

Watu wakacheka, ingawa hoja yangu mpaka leo haijajibiwa.

Yeye aliinamia kabati. Akatoa matano ya juu, akayageuza moja moja. Kisha akamuuliza Bwana Funguo kama aliwahi kuliacha kabati wazi. Mzee akakiri kwamba jana mchana, akipiga deki, alikwenda kuchota maji na kuuacha ufunguo ukining'inia. Dada akaniambia nibebe kikapu twende dukani kwa mwenyekiti.

Njiani nilimsumbua mpaka akanieleza. Yeye akikunja, mikono ya nguo hulala mbele na kola hubaki wazi isivunjike. Yale matano yalikuwa yamefungwa vifungo hadi shingoni, mikono imepelekwa mgongoni, upana kiganja na nusu, kama yametoka kwenye boksi. Mkono wa mtu hukunja ulivyozoea, akasema, hata mwenyewe akiwa na haraka.

Dukani akaomba kuona shati la bluu. Akalikunjua, akaligeuza, akasema atafikiria. Mwenyekiti akalivuta na kulikunja bila hata kuliangalia: kifungo, kifungo, kifungo cha shingo, mikono nyuma, kiganja na nusu. Dada akalitazama shati. Akamtazama mwenye duka. Jasho likaanza kumtoka yule bwana.

"Shemeji," dada akasema taratibu, maana mke wa yule bwana alikuwa shoga yake, "limechanika wapi?"

"Mgongoni." Ile sauti nzito ilikuwa imebaki uzi.

Jana alipoukuta ufunguo kabatini, alitaka kuchagua mapema lenye nafasi, akitumaini fundi amekosea hata moja, kabla wenzake hawajaona. La kwanza halikufunga, la pili halikufunga, la sita likapasuka. Akalificha chini ya mashati yake kwa aibu, na asubuhi aibu ile ikazaa uongo.

Mimi nilishafungua mdomo niutangazie mtaa. Dada akanikanyaga mguu.

"Tumbo lako litabaki siri yangu," akamwambia. "Nitalishona, nikuongezee kitambaa mbavuni. Lakini mzee ulimwita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hao hao ukamsafishe."

Alasiri mwenyekiti alisimama mbele ya kwaya, akasema joho alikuwa nalo yeye tangu jana na kwamba amemkosea mzee. Bwana Funguo alikuwa ameshalifunga godoro lake kwa kamba, amelikalia. Akainuka kufungua kabati, na safari hii aliziacha funguo zilie. Dada hakungoja shukrani. Aliyatoa yale matano akayakunja upya, kola wazi, mikono mbele, maana asingelala huku kazi ya mkono mwingine ikipita kwa jina lake.

Asubuhi ya Krismasi Bwana Funguo alifungua milango ya kanisa mwenyewe. Mimi nilikaa ubavuni mwa kwaya makusudi, macho kwenye mshono. Wimbo wa mwisho mwenyekiti alivuta pumzi ndefu, tumbo likajaa, nikafumba macho.

Mshono ulishika.