Mkono Mmoja Zaidi wa Sifa

Mke wangu hukisimulia kisa hiki vizuri kuliko mimi, na kila akikisimulia wageni hucheka mpaka chai inamwagika kwenye visahani, kwa hivyo leo nimeamua nikisimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, na mwenye aibu ana haki ya kujipangia maneno. Siku yenyewe ilikuwa siku ya nikaha yangu, miaka ile ya tisini, mchana kweupe, mbele ya kila mtu wa Kisauni aliyepata nafasi ya kuja msikitini.

Wakati huo nilikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Mbaraki, lakini moyo wangu haukuwa kwenye magari. Marehemu baba alituachia mashua yake ya tanga, ya zamani, ikawa imelala ubavu kwenye matope huko huko Mbaraki, mbao zimeachana kiasi ambacho paka angepita katikati bila kuinamisha kichwa. Mimi na rafiki yangu Nasoro tuliisimamisha, tukang'oa mbao zilizooza, tukatia mpya, tukaziba nyufa kwa pamba iliyorowa mafuta (hiyo ndiyo kazi ya kalafati, inakuacha na vidole vilivyopinda kama vya kaa), tukashona tanga jipya, na mambo yakafika mahali ambapo mtu akija kunitafuta nyumbani siku ya mapumziko aliambiwa, "Yuko kwa mke mkubwa." Mke mkubwa ni mashua.

Neno hilo lilimfikia Mzee Athumani wa Kisauni, ng'ambo ya maji, baba yake Mwanaisha, msichana niliyekuwa nimemposa. Mzee Athumani alikuwa karani mstaafu, mtu wa maneno machache, na kanzu yake hujapata kuiona na mkunjo. Aliniambia waziwazi, tumeketi barazani kwake:

"Kijana, sina neno nawe. Neno langu ni hilo gogo lako. Mwaka wa ngapi huu wagongagonga? Mtu asiyeweza kumaliza chombo atamaliza nini?"

Mimi nami, kwa kiburi cha ujana, nikamjibu kwamba siku ya nikaha nitakuja kwake kwa chombo hicho hicho, na jamaa zangu wote wamo ndani. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya."

Na kweli tuliimaliza. Siku ya kuamkia harusi tuliitoa Mbaraki, tukazunguka kisiwa, na tulipopita chini ya barabara ya Mama Ngina, ile ya ufukweni, watu waliokuwa wakila mihogo na madafu pale ukingoni wakatupungia mikono, na mmoja akapaza sauti kwamba mashua ile imependeza. Afadhali angenyamaza na muhogo wake. Maana tulipofika Mji wa Kale na kuifunga bandarini, niliketi kwenye ngazi nikawa naitazama kwa macho ya yule bwana, na mara nikaona kasoro ambayo sikuwa nimeiona siku zote hizo, kwamba mabao ya kukalia, yale ya zamani ni meusi na yale mapya ni meupe, yamepishana kama mdomo wa mtu aliyetiwa meno ya bandia. Nikasema, mkono mmoja tu wa sifa, yote yatakuwa rangi moja.

Sifa, kwa asiyeijua, ni mafuta ya ini la papa. Hupakwa ubao wa nje wa chombo ili usiliwe na jua na maji, na ubao ukishayanywa hung'aa kama asali. Harufu yake ni jambo jingine. Ukikutana nayo mara moja huhitaji kuonyeshwa tena.

Nasoro akaniambia, "Hayo mabao watu watayakalia kesho."

"Kwa jua hili, kesho adhuhuri yatakuwa makavu."

"Na yasipokauka?"

"Nasoro, nenda ukanyolewe."

Akaenda zake. Nami nikapaka, nikapaka kwa ukarimu, nikarudia pale nilipodhani sikutia ya kutosha.

Asubuhi niligusa kwa kidole, kidole kikanata. Hapo mtu mwenye akili timamu angekodi magari, wazee wakapita daraja la Nyali, mambo yakaisha kwa heshima. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwahidi Mzee Athumani, na nilimwona kichwani mwangu akisema "Haya" yake ile. Basi nikaenda kwa mama, nikachukua mashuka meupe mapya yaliyokuwa ya wageni, nikayatandika juu ya mabao yale tabaka mbili. Mama aliponiuliza ya nini, nikamwambia ni ya heshima. Yalipendeza, sikatai.

Baada ya adhuhuri jamaa wakashuka ngazi za bandarini, watu kumi na kitu, kanzu nyeupe, kofia za kushonwa kwa mkono, wamejifukiza udi. Mbele yao alikuwa Ami Bakari, ndugu mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyeniazima joho nililovaa, joho jeusi la uzi wa dhahabu lisilotoka sandukuni ila kwa harusi ya ukoo. Nilimketisha mahali pazuri kuliko pote, katikati, juani. Tukavuka taratibu, tanga limejaa, na mimi nimeketi nyuma nikishika usukani na kuona kwamba dunia imekaa sawa. Ami Bakari akanusa.

"Mwanangu, hii harufu ya nini?"

"Ya bandari, Ami."

"Bandari si tumeiacha nyuma?"

"Ni upepo, Ami. Watoka huko."

Hakuniamini, lakini siku ya harusi mtu hamvunji moyo bwana harusi. Na sifa nayo, kwa joto la jua na uzito wa wazee, ikawa inapanda kimya kimya kupitia mashuka ya mama.

Tuliposhuka Kisauni mimi nilitangulia, kwa kuwa ndimi bwana harusi, wengine wakafuata wakisoma kasida. Watu walisimama milangoni kututazama, na tukishapita nasikia vicheko nyuma yetu. Nikadhani wanafurahia harusi, nikawa naitikia kwa kichwa. Kumbe Nasoro, aliyebaki nyuma kufunga kamba, alikuwa ameliona lililowachekesha. Akanifikia mbio, akaninong'oneza sikioni:

"Usigeuke."

"Kuna nini?"

"Kanzu za watu, kwa nyuma. Kila mmoja ana doa la kahawia mahali pa kukalia. Kubwa."

"Lafanana na nini?"

"Na hilo hilo unalolifikiria."

Nikamuuliza mimi je, akasema joho langu ni jeusi, doa halionekani, ila lang'aa.

Tulifika msikitini wakati wa swala ya alasiri. Nilimwendea mwenyeji wetu, mmoja wa wazee wa msikiti ule, nikamwambia sisi yatutosha kuswali safu ya nyuma, nyuma kabisa, ukutani. Akaona ni adabu zangu. Kadiri nilivyozidi kukataa ndivyo alivyozidi kutuvuta mbele, mpaka safu ya kwanza yote ikawa jamaa zangu, na Kisauni nzima nyuma yetu. Tulipoinama kurukuu nikasikia mtu akikohoa, kisha mwingine, kisha safu nzima. Sina zaidi la kusema juu ya swala ile, Mungu aikubali.

Baada ya salamu shekhe aliyekuja kutuozesha aligeuka, akanusa, akamwinamia Ami Bakari kwa upole.

"Mzee wangu, mumekula nini njiani?"

Ami Bakari alipeleka mkono nyuma ya kanzu yake, akaurudisha, akanusa vidole, kisha akanitazama mimi. "Sifa," akasema. Hakupaza sauti, lakini msikiti mzima ulisikia.

Basi nikaeleza yote, nimesimama, naangalia mazulia. Shekhe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mafuta ya samaki si najisi, swala zetu zimesihi, ila angeomba tutoke nje, barazani, kabla hatujaketi tena kwenye mazulia. Tukatoka. Mzee Athumani alikuwa amesimama mlangoni. Sikuweza kumtazama.

"Ulitaka sifa, kijana," akasema. "Basi umepata."

Nilijua nimekosa mke. Lakini yeye alivaa viatu, akaenda kwake hatua za pole pole, akarudi na rundo la kanzu zake mkononi, na nyuma yake majirani wamebeba za kwao. Kila mtu akabadili. Mimi nilipewa kanzu ya mkwe wangu mwenyewe, na namzidi kimo kwa kichwa kizima, kwa hivyo nilioa nikiwa na kanzu inayoishia chini kidogo ya magoti.

Kisha nikapelekwa nyumbani kwa mkwe wangu kumpa mkono bibi harusi. Chumba kimejaa wanawake, vigelegele vilianza vizuri kisha vikakatika kimoja kimoja, na leso zikapanda puani. Mwanaisha alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka, na mama yake akawa anambembeleza asilie. Nilipomshika mkono akasema chini kwa chini, macho yapo kwenye miguu yangu:

"Kanzu hii nimeipiga pasi mimi jana."

Halia. Anacheka. Hapo ndipo nilipopata pumzi.

Jamaa zangu walirudi Mji wa Kale kwa magari, Ami Bakari hasemi nami, joho lake amelifunga ndani ya mfuko (lilioshwa kwa ndimu na sabuni kwa miezi, na waliolivaa baada yangu wanajua). Mimi nikateremka kuirudisha mashua na Nasoro, nikamkuta Mzee Athumani amekwisha panda. Alivuka nasi amesimama wima, mkono kwenye mlingoti, hakugusa bao lolote. Katikati ya maji akainama, akapitisha kidole sakafuni kwenye maungio ya mbao, akakitazama. Kikavu.

"Haivuji," akasema.

Kwangu hilo lilitosha. Lakini tangu siku hiyo kazi ikishanitoka mkononi nafunika kopo, naosha kitambara, nakwenda zangu nyumbani, na mtu akiniambia imependeza namshukuru bila kugeuka kuitazama tena.