Kinu Kitupu

Mjukuu wangu ndiye anayeshika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinisafishie maneno. Macho yangu yaliondoka na surua nilipokuwa bado nanyonya, kwa hiyo sura za watu nitakaowataja sizijui. Nazijua sauti zao na uzito wa miguu yao, na hiyo inatosha.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Kabambare kwenda Wamaza. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, wakati wa pamba ya lazima. Kila mwanamume alipimiwa shamba kwa kamba, na kapita wa pamba, mtu mweusi kama sisi aliyeletwa kutoka ng'ambo ya Lualaba, alipita kukagua akiwa na askari wawili na fimbo ya kiboko. Aliyekutwa na magugu alilazwa chini, nguo ikashushwa, akachapwa mbele ya wake zake na wakwe zake. Fimbo ikiwa hewani ina sauti yake, ikifika kwenye nyama ina nyingine. Nilikua nikizisikia zote mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa silaha ya kijiji kile. Nasema hivyo bila haya. Nilikuwa nakilaza kinu cha mama kitako kikielekea barabara, naingiza kichwa mdomoni mwake, nasikiliza. Mti ule ulileta mitetemo ya ardhi mpaka kwenye fupa la shavu. Mbuzi niliwajua, wachukuzi niliwajua, na buti za askari nilizijua zikiwa bado upande wa pili wa kilima, kwa sababu zilipiga chini kwa pamoja. Watoto walisema nasikia siafu wakigombana. Sikuwakanusha.

Nikishazisikia, nilikisimamisha kinu nikakitwanga kikiwa kitupu. Kwetu kinu kitupu hakitwangwi. Mtoto akikigonga kwa mchezo anapigwa kofi kabla ya kuulizwa, maana anaita njaa nyumbani. Kwa hiyo sauti ile kavu, ko, ko, ko, haikusikika kijijini ila kwa ajili ya jambo moja tu. Mwenye magugu alikimbilia msituni, na mwenye shamba safi aliinama akajifanya analima. Kapita hakuwa mtu wa kwetu. Alimkuta kipofu anatwanga, akapita.

Baba yetu alikuwa amekufa, na aliyesimama mahali pake alikuwa ndugu yangu mkubwa. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu, awe mwanamume au mwanamke. Alikuwa na kiburi, na pamba aliichukia kuliko mtu yeyote. Mwaka ule mvuvi mmoja wa Nyangwe, mjane, alikuja kunitaka. Nilimsikia akiketi, nikasikia alivyoweka kikombe chini polepole, nikampenda kwa jambo hilo tu. Yaya akamjibu nikiwa nyuma ya ukuta.

"Uyu haolewi," alisema. "Akienda kwako, nani atatusikilizia barabara?"

Mvuvi akaondoka na samaki wake wakavu. Sikulia. Niliuma kanga yangu mpaka ikatoboka. Nilimwambia yaya kwamba amenifunga kama mbwa wa mlangoni, naye akacheka, akasema mbwa analishwa vizuri hapa.

Siku ya tatu yake, asubuhi, nikazisikia buti. Zilikuwa mbali na wazi kabisa. Muda wa kutosha ulikuwepo. Niliitoa mikono kwenye mchi nikaiweka katikati ya mapaja yangu, nikakaa. Nilitaka wamchape kidogo. Nilitaka ajue masikio yale ni ya nani.

Hawakumchapa kidogo. Walimkuta amelala barazani na shamba lake limejaa majani. Alimpiga kapita ngumi ya uso, nikasikia pua ikivunjika, na hapo askari wakamwangukia kwa vitako vya bunduki. Walimlaza mbele ya mlango wetu. Mama alijitupa juu yake, wakamvuta kwa miguu. Mwanzoni yaya alitukana, kisha akapiga kelele, kisha nikasikia fimbo peke yake. Walipomfunga na kumpeleka boloko ya Kabambare, gereza lile la serikali, bega lake la kushoto lilikuwa limevunjwa. Mkono ule haukunyanyuka tena.

Aliporudi, baada ya kufyeka barabara na pingu miguuni, kapita alimwambia mbele ya watu wote: safari nyingine tukikushika, utapelekwa mbali, hutazikwa kwenu. Yaya hakukubali kuilima pamba. Akawa anaishi msituni na kushuka mchana kuja kula, na aliweza kushuka kwa sababu alitegemea masikio yangu.

Masikio yenyewe yalikuwa yamekufa. Nilikilaza kinu, nikaingiza kichwa, nikasikia damu yangu tu ikigonga, du, du, du. Kila nilipomfikiria kapita mwili wote uliwaka. Niliota namtwanga ndani ya kinu, mifupa na yote. Watu wakasema kapita amenitupia dawa. Nikaitikia haraka sana. Shangazi mmoja akanikamulia majani masikioni siku nyingi, yakaniwasha bure, naye yaya akasema masikio kama yale hayafi.

Nikawa mtu wa kuogopwa. Tulipotwanga wanawake watatu katika kinu kimoja, mimi ambaye sikuwahi kukosa zamu, nilishusha mchi juu ya vidole vya jirani yangu alipokuwa akirudisha mpunga. Viwili vilisagika. Kisha siku moja nikasikia viatu vizito vinaingia uani, na damu ikaniambia ndiye yeye. Nikainua mchi nikampiga kwa nguvu zangu zote. Akaanguka bila neno, na nikanusa chumvi iliyomwagika. Alikuwa mchuuzi Mwislamu wa Kasongo, mzee aliyetuletea chumvi tangu nikiwa mtoto na kunisalimia kwa heshima kuliko watu wa kwetu. Mfupa wa mtulinga ulikatika. Alikaa kwetu mpaka alipoweza kubebwa, na kila asubuhi aliniuliza nimeamkaje. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Ndipo nikajiuliza, huyu kapita ninayemchukia, siku ile alifika vipi bila mimi kutwanga? Nilijua jibu. Nilikuwa nimelikalia muda wote, nikimrundikia kapita hasira juu yake ili nisiliguse.

Mchana mmoja yaya alishuka. Mama alikuwa shambani. Niliweka bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, chini ya ungo, na kabla hajanawa alisema amechoka na msitu, kwamba atakaa nyumbani mpaka mpunga uvunwe.

"Weye uko hapa," alisema. "Sina woga."

Nikauacha ungo, nikamgeukia.

"Yaya, usikae. Sisikii tena."

"Itarudi."

"Siku ile balikupiga, nilibasikia bakikuya. Balikuwa bado mbali. Nilinyamaza."

Nje kuku alikuwa akiparua.

"Juu ya nini?" aliuliza.

"Nilikuwa na kasirani na weye. Juu ya ule mutu wa Nyangwe."

Alinipiga kwa mkono wake mzima, ngumi iliyokunjwa, mdomoni. Nikaanguka juu ya kuni. Jino likatoka na damu ikajaa kinywani. Alinikamata nywele akaniinua, akanitupa tena ukutani, akilia kwa sauti mbaya, sauti ya mtu asiyejua kulia. Nami nikamkwarua uso. Nikamwambia bado nina kasirani naye mpaka leo, kwamba alikula maisha yangu, kwamba hata akiwa amelala chini ya fimbo kuna sehemu yangu ilisema vema. Nilisema yote. Sikuacha kitu tumboni.

"Na mie," alisema, akihema. "Na mie niko na kasirani na weye, mpaka kufa."

Tukabaki tumeketi chini kila mtu na pumzi zake. Nikatema damu. Nilisikia kuku nje, kisha majani ya ndizi nyuma ya nyumba, kisha maji ya mto, ambayo nilikuwa sijayasikia tangu masika yaliyopita. Ule mdundo wa damu masikioni haukuwepo. Nyuma ya maji kulikuwa na buti, na hazikuwa upande wa pili wa kilima. Zilikuwa zimeshakivuka.

"Yaya, banakuya."

"Unanidanganya tena."

Hakusogea. Angekuwa mjinga kuniamini. Nilipapasa mpaka nikaupata mchi, nikasimama mbele ya kinu nikatwanga kwa jinsi ile ya zamani, mti juu ya mti. Kijiji kizima kikanyamaza, kisha miguu ikaanza kukimbia kila upande. Miguu yake yeye ilikuwa bado mbele yangu. Nilitwanga nikimlilia akimbie, damu ikinitoka kidevuni, na mwishowe nikasikia nyayo zake zikigeuka.

Kapita aliingia uani na askari wake.

"Kaka yako iko wapi?"

"Mie kipofu, bwana. Ninatwanga."

Akaja karibu. Akaingiza mkono ndani ya kinu, nikasikia kucha zake zikikwaruza mti mkavu.

"Kinu hii iko mutupu," alisema taratibu.

Nadhani alikuwa akihesabu mara zote alizonikuta pale. Mchi ulikuwa bado mikononi mwangu na pumzi yake ilikuwa usoni pangu, ningeweza kumpasua. Niliuweka chini. Ningeuinua, ningesikia damu yangu tena, na nilikuwa na kazi ya kusikiliza.

Walinilaza. Walinichapa mpaka kanga ikaingia kwenye nyama. Nilisikiliza miguu ya ndugu yangu ikipita kwenye mihogo, ikiteleza kwenye mawe ya mto, ikipanda ng'ambo, na askari aliyemfuata akisimama majini na kurudi. Nilimsikia mpaka alipokuwa mdogo sana, halafu sikumsikia. Wengine walisema alionekana migodini Kalima, wengine walisema alivuka kwenda Burundi. Hakurudi.

Wanawake walinisafisha mgongo kwa maji ya uvuguvugu. Wakauliza nani amenivunja jino. Nikasema kapita, na walimlaani kwa jino lile miaka yote.

Jioni ile mama aliinua ungo akakuta chakula hakijaguswa. Aliniuliza kama tuliongea vizuri. Nilikuwa nimemwambia yaya nilichofanya, lakini neno nisamehe sikuwa nimelisema. Nilifikiri nitamwambia akishakula.