Talha Hataki Tena Kuwa Nyumbu

Zuena ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yake, nyuma ya soko la Karatu, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Ana watoto wawili, Talha wa miaka minane na Kauthar wa sita. Mwenzao wa kucheza ni Resiato, mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa na sauti ya mtu mzima.

Likizo ile walikuwa na mchezo mmoja tu, gari la watalii. Kreta, kwenye mbuga ya wanyama, walikwenda kila siku bila kutoka uani, viti vikiwa kreti za soda na usukani mfuniko wa sufuria. Dereva alikuwa Resiato. Kauthar alikuwa mzungu. Talha alikuwa nyumbu.

Wiki ya tatu Talha alimfuata mama yake kibandani.

"Mama, sitaki tena kuwa nyumbu."

"Si umwambie."

"Nimemwambia. Amesema basi niwe nyumbu aliyekufa."

Zuena akaacha cherehani, akatoka.

"Resiato, kwani gari hili ni lako peke yako?"

"Shikamoo, Mama Talha. Gari si langu. Usukani ndio wetu."

Zuena aliutazama mfuniko. Ulikuwa wa kwao kweli. Hasira zikampanda zaidi, akamwambia mtoto aende kwao mpaka ajifunze kucheza na wenzake. Resiato akachukua mfuniko wake, akaaga kwa adabu.

Kesho yake wale wawili wakatumia mfuniko wa nyumbani. Dereva alihitajika mmoja, wakajitokeza wawili. Kabla ya adhuhuri Kauthar alikuwa amemng'ata kaka yake mkono, na Zuena alikuwa ameshona mfuko wa shati mgongoni.

Jioni akaenda kwa Namunyak, mama yake Resiato.

"Mama Resiato, jana nilimfukuza mwanao. Nilikosea."

"Nilijua kuna jambo," Namunyak akasema, akimmiminia chai. "Leo nimekuwa tembo tangu asubuhi."

"Mkali, huyu mtoto."

"Ni wa sita, kitindamimba. Hapa nyumbani hakuna anayemsikiliza. Akija kwako ndiyo anapata watu."

Zuena alimaliza chai yake, aibu ikimla kidogo. Aliporudi alimwuliza Talha swali ambalo hakuwa amemwuliza tangu mwanzo.

"Ukiacha unyumbu, unataka kuwa nani?"

Talha alifikiri. "Askari wa getini."

Asubuhi Resiato akaja na usukani wake. Talha akasimama mbele ya gari na fimbo, akadai kibali. Dereva hakuwa nacho. Baada ya saa nzima Resiato akaja kibandani.

"Mama Talha, Talha hataki kutufungulia."

"Umezungumza naye vizuri?"

"Ndiyo."

"Kazungumze naye tena," Zuena akasema, macho kwenye sindano.

Akaenda. Walipokuwa bado wanabishana, Kauthar alihamia kiti cha mbele, akashika usukani, akatangaza kwamba wameshafika.