Mama Zita na Oili ya Boti

Editha alikuwa mtu wa kunusa. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyamimina, hata kama kopo alilifungua mwenyewe asubuhi ile ile. Mlango aliufunga, akausukuma, akaenda mpaka kwenye gari, kisha akarudi kuusukuma tena. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, pale Louisville, walimpenda kwa tabia hiyo, maana dawa ikipitia mikononi mwake hakuna mzee aliyewahi kumeza kidonge cha mwenzake. Nyumbani ilikuwa kero. Binti yake Zita, aliyebaki Buffalo kusoma, aliwaambia watu kwamba amekimbia ukaguzi.

Ila kwenye boti, tabia hiyo ilikuwa mali.

Boti yenyewe ilikuwa trola ya mwaka 1979, futi thelathini na nne, boti ya watu wasio na haraka. Umbo lake ni la wavuvi, lakini ndani ina kitanda, jiko na choo, na chini ya sakafu kuna injini moja ya dizeli inayokohoa kila inapoamshwa. Wolfgang, mumewe, aliinunua wakiwa bado wanaishi Buffalo, kwenye Ziwa Erie, na Editha akamnunia siku nne nzima. Kazi ilipowahamishia Louisville, Wolfgang aliipakia kwenye lori refu akaipitisha Columbus. Iliposimama siku moja kwenye yadi ya malori karibu na Westerville, mdogo wake Cosmas, anayeishi huko, alipiga nayo picha nyingi kuliko mwenye boti. Tangu siku hiyo Cosmas aliizungumzia kama mtu mwenye hisa.

Miaka miwili iliyopita Wolfgang alifariki ghafla, kwa moyo. Alimwachia mkewe boti na daftari lenye madoa ya grisi. Editha alilipekua akitafuta neno moja la mapenzi, hakuliona. Aliyoyaona ni haya: ukiona ekzosi inatoa moshi bila maji, zima injini kwanza, maswali baadaye. Pale ekseli ya propela inapotokea nje, matone mawili matatu kwa dakika ni afya. Pakikauka kabisa, ujue panaungua. Kabla ya baridi jaza tangi la dizeli mpaka juu, nafasi tupu huzaa maji. Na ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: USIULIZE HALI YA OILI. CHOMOA STIKI UONE.

Aliposoma hapo alicheka peke yake, halafu akalia. Kumbe mwanaume yule alimwelewa.

Basi akaishika boti kama alivyoagizwa. Hakuiuza, ingawa Cosmas alipiga simu kila Jumapili kumwambia auze, mwanamke peke yake na chombo kama kile atakiwezea wapi. Kila alipokata simu alijiuliza shemeji yake ana mnunuzi gani mfukoni.

Bagula alimpata kanisani, baada ya misa ya Kiswahili. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mfupi, mpole, aliyewahi kutengeneza injini za boti za mizigo kwenye Ziwa Tanganyika, na sasa alikuwa akifunga maboksi kiwandani Jeffersontown. Aliliona doa kwenye mkono wa gauni la Editha, akaligusa kwa kidole, akanusa, akauliza ana injini ya aina gani. Editha alishangaa kukutana na binadamu mwingine anayenusa.

Tangu hapo Bagula alikuwa akija gatini, pale mtoni boti ilikofungwa, kila anapopata siku ya mapumziko. Alifumba macho akaisikiliza injini, akabadilisha kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupozea, akamfundisha Editha kukibadilisha mwenyewe. Malipo hakutaka, labda chakula cha kupeleka nyumbani Highview kwa mkewe Josiane na watoto. Hapo ndipo Editha alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Mtu gani anajichafua bure? Halafu siku moja, akijifuta mikono, Bagula akasema, "Mama, kama utauzisha hii bateau, uniambie mimi wa kwanza." Aliyasema kwa utani, lakini Editha hakuyasahau. Cosmas alipoelezwa alishusha pumzi ndefu kwenye simu, akasema huyo anakula na wewe huku anakupima.

Kiswahili chao nacho kiligongana. Kwa Bagula maji "iko", watoto "iko", na injini "iko" vilevile. Editha, mtoto wa mwalimu wa Bukoba, mwanzoni alimsahihisha, kisha akachoka. Alijizoesha kushika shina la neno na kuachana na vile viambishi vya mbele, maana kwa maoni yake vya mbele vya Wakongo havikuwa na kazi.

Mwezi wa nne mwenye gati akatangaza kwamba gati linavunjwa. Boti zote ziondoke kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Itakayobaki itanyanyuliwa na kreni na kukatwakatwa. Gati jingine, mwendo wa saa moja na nusu kuupanda mto, lilikubali kuipokea trola ile kwa sharti moja: ifike kwa injini yake yenyewe, maana boti kuukuu zilizovutwa kwa kamba walishazoea kuachiwa kama yatima. Editha hakuwa na boti nyingine wala Wolfgang mwingine. Injini ikikataa wiki hiyo, kila kitu kitaishia kwenye meno ya msumeno.

Jumanne alimwachia Bagula ufunguo aikague injini, yeye akaenda kazini. Mchana akakuta ujumbe wa sauti.

"Mama Zita, bon, mafuta ya moteur nilisha tosha yote. Usikuwe na wasiwasi. Nitakuya vendredi na ile ingine."

Editha akaushika ule ujumbe kwa shina, kama kawaida yake. Oili ya injini imeshatosha yote, asiwe na wasiwasi, na Ijumaa anakuja na kitu kingine, labda filta. Akafurahi. Lakini kumwambia Editha asiwe na wasiwasi ni sawa na kumwambia mvua isilowanishe, na Jumatano asubuhi, kabla ya zamu, alikuwa tayari gatini amepiga magoti. Akachomoa stiki ya oili, kile kijiti cha kupimia.

Ilikuwa kavu. Akaifuta, akaichovya tena, akaichomoa. Kavu kabisa.

Alimulika tochi pembeni ya injini. Kile kipoozea oili, kopo la shaba lililokuwa limefungwa ubavuni, hakikuwepo. Mabomba yake mawili yalibaki yananing'inia, midomo imefungwa kwa mifuko safi ya nailoni na mipira myembamba. Mifuko hiyo Editha aliiona kwa macho tu. Kichwani alikuwa na jambo moja: angeamini maneno ya Bagula akawasha, injini ingejisaga yenyewe kwa dakika moja ikafa. Na injini ikifa Jumatano, Jumamosi mwenye boti hana budi kumpa yeyote anayeitaka.

Akampigia Bagula, simu imezimwa. Kiwandani kwao simu huachwa kabatini mpaka zamu iishe, na Editha alilijua hilo, lakini asubuhi ile hakutaka kulijua. Akampigia Cosmas. Cosmas alisema tu, "Shemeji, si nilikuambia?" Editha akaenda dukani, akanunua kufuli jipya, akalifunga kwenye mlango wa boti, akalivuta mara tatu.

Jioni Bagula akapiga. Editha hakumpa nafasi ya salamu.

"Bagula, nimekujua. Umeitamani hii boti, umeona siiuzi, sasa umeamua kuiua."

Editha alisikia watoto wakicheka kwa mbali, wakiongea Kiingereza.

"Bon," Bagula akasema. "Sawa, mama." Akakata.

Asiye na kosa angejitetea, Editha alijiambia. Alilirudia hilo wakati wa kupika, akalirudia wakati wa kula.

Alhamisi aliingia kazini uso umemvimba. Akamwuliza Grâce, msichana wa Bukavu waliyepangwa naye, mashuka ya chumba cha nane yakoje.

"Ya chumba ya nane nilisha tosha," Grâce akajibu, akisukuma toroli lake.

Editha akafungua chumba cha nane kuhakikisha, kama ilivyo ada yake. Kitanda kilikuwa uchi. Godoro tupu, hata mto hauna foronya. Akamwita Grâce arudi, akamwuliza kwa ukali kidogo, yametosha nini na shuka hata moja halipo?

Grâce alicheka. "Nilitosha, mama. Kutosha. Kama vile unatosha nguo ku kamba. Nyie munasemaka aje? Kuondoa."

Editha akaketi juu ya lile godoro. Akauliza taratibu, kama anayeogopa jibu, "Na mtu akikuambia mafuta ametosha yote?"

"Donc, mafuta hayako tena," Grâce akasema. "Ametosha yote."

Hapo ndipo mifuko ya nailoni ilipomrudia. Ni mwizi gani anayefunga midomo ya mabomba uchafu usiingie? Ni mwuaji gani wa injini anayekuachia ujumbe kwamba ameshamwaga oili, na kukutajia siku atakayoleta nyingine? Bagula alikuwa amemwambia kila kitu. Yeye, mkaguzi, mtoto wa mwalimu, ndiye aliyekata kichwa cha neno la mtu kwa sababu alikidharau. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hakumpigia. Kosa la namna ile halitengenezwi kwa simu. Ijumaa, alipojua zamu ya Bagula imekwisha, alipitia gatini kwanza, halafu akaendesha mpaka Highview.

Josiane alifungua mlango. Siku zote alimpokea kwa mabusu matatu mashavuni. Leo alisogea tu pembeni. Ukutani, kando ya viatu vya watoto, yalipangwa makopo manne ya oili mpya, na juu yake kipoozea kipya bado kwenye boksi lake. Bagula alikuwa mezani. Hakuinuka.

Njiani Editha alikuwa amepanga hotuba ndefu, na yote ilimpotea. Akaweka kufuli jipya juu ya meza, likiwa wazi, ufunguo wake ndani.

"Kufuli nimetosha," akasema. "Nimetosha, Bagula. Kama mnavyosema ninyi."

Bagula alilitazama kufuli, akamtazama yeye. Ilimchukua muda kuelewa ni nini kilichotokea Jumanne, na alipoelewa hakucheka, ingawa Josiane aligeuka upande akaziba mdomo. Kisha akaeleza bila kumtazama. Oili aliikuta imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yakipenya kupitia kile kipoozea, kilikuwa kimetoboka. Injini ingewashwa hivyo, isingefika gati jipya.

"Ku camp ya wakimbizi walituitaka wezi," akasema. "Ku kazi nayo, mara moja. Lakini weye, mama, tulikula sahani moja."

Editha alisema samahani. Neno lilikuwa dogo, hakuwa na kubwa zaidi, akalisema tena. Bagula alinyanyua makopo mawili, akamwonyesha kwa kidevu abebe yale mengine.

Jumamosi saa tatu asubuhi kipoozea kilikuwa mahali pake, oili imeshamiminwa na kuzungushwa ndani kusafisha bila kuwasha injini, ikamwagwa, ikamiminwa mpya. Kreni ilikuwa tayari imesimama kwenye ukingo wa mto, na boti ya jirani ilikuwa hewani, ikivuja maji. Bagula akachomoa stiki, akaifuta, akaichovya, akaichomoa, akamnyooshea Editha aione kwa macho yake.

Editha hakuitazama. Alikuwa ameshika ufunguo wa injini. Tangu azaliwe hakuwahi kuacha kukagua.

"Niambie wewe," akasema. "Oili vipi?"

Bagula akasita, stiki mkononi. Akalitafuta neno, akaligeuza.

"Imetosha," akasema. "Ile ya kwenu."

Editha akawasha.