Duara la Chokaa kwenye Kilio cha Tata Kasongo

Chokaa ikiwa kavu haina harufu ya maana. Ipate maji, ndipo inakupanda puani na kukuwasha koo, inanuka kama ukuta mpya. Msimu wa mvua uliopita, lori mojawapo kati ya yale yanayopeleka chokaa kwenye viwanda vya shaba liliruka shimo mbele ya parseli yangu, kiwanja cha nyumba hii, hapa Kolwezi. Mfuko ukaanguka ukapasuka, mvua ikaunyeshea. Nilikuwa kibarazani nachambua maharagwe. Nikayaacha. Mi si mtu wa kulia ovyo, muulizeni yeyote wa soko letu, lakini siku ile nilijifuta macho nikasingizia chokaa.

Mniwie radhi kama maandishi yangu hayajanyooka. Shule niliiacha darasa la tatu. Nimeuza makaa ya Mutshatsha, nikayaleta kwa treni nimeyakalia mwenyewe; baadaye nikauza unga; nyumba hii ninayoandikia niliijenga kwa mgongo wangu, bila mume wala diploma. Basi mjukuu wangu Feza, aliyekulia humu humu ndani akiniita koko, yaani bibi, alipokuja kuniambia anasomea kazi ya michezo ya jamii, yaani kuwakusanya watoto na wakubwa wa mtaa wacheze, wakimbie, wapumzishe roho, alidhani nitacheka. Sikucheka. Nilimwambia kazi hiyo naijua. Yaya wangu Numbi, dada yangu mkubwa, aliisomea kabla mama yake Feza hajazaliwa.

Tulikuwa tunakaa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba zimepangwa kama meno. Katikati palikuwa na uwanja, na uwanja ulikuwa na Tata Moniteri, mwalimu wetu wa michezo, mzee mwenye kaptula iliyopigwa pasi na sifle, filimbi yake, shingoni. Mchana tukitoka shule alitupanga: hawa mbio, hawa kamba, hawa mpira. Hata wazee walikuwa na saa yao ya kucheza bao na kuambiana uongo. Tulidhani kila mahali duniani kuna Tata Moniteri, kama vile kila mahali kuna mvua.

Numbi alikuwa msichana wa kwanza kukubaliwa kujifunza kwake. Alijifunza kuchora mistari kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini: unalijaza chokaa, unatembea ukilitikisa polepole. Duara alilichora kwa kigingi na kamba, akizunguka kinyumenyume huku amejing'ata ulimi. Sisi watoto tuligombania kushika kigingi. Chokaa ililowa umande, na harufu ile ndiyo ilikuwa harufu ya jioni yetu.

Mama hakuipenda kazi hiyo hata kidogo.

"Mwanamuke anapuliza sifle! Utaolewa na nani, na goli?"

"Goli haikunywake pombe, mama," Numbi akajibu.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akamnyima mboga.

Kulikuwa na mtihani wa mwisho. Mabwana wawili wangetoka Lubumbashi kuja kumtazama akiongoza michezo ya watoto mchana mmoja, na wakiridhika angepata karatasi yake na nafasi kwenye kambi, mshahara kama wanaume. Wasiporidhika, basi. Palikuwa na mtu wa Mutshatsha aliyekwisha kuleta maneno ya ndoa, na mama alikuwa akimhesabia Numbi siku.

Wiki hiyo hiyo akafa Tata Kasongo, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mwendesha mashine wa mgodi wa Mashamba. Kifua kilimmaliza. Nyumba za kambi zilikuwa ndogo, kwa hiyo kilio kilikaa uwanjani: mikeka, mioto, sufuria za bukari, ndiyo ugali wetu, akina mama wamejifunga vitambaa kichwani. Michezo ikafungwa. Na mabwana wa Lubumbashi walikuwa njiani tayari.

Hapa niwaeleze desturi yetu, msije mkapotea. Kwetu mtoto wa marehemu anakaa chini mkekani karibu na mama yake. Haogi, hachezi, hacheki, mpaka kilio kiinuliwe, siku za matanga ziishe. Akicheka, wanasema anamwita marehemu arudi kuchukua mwingine. Lakini mjukuu ni mtani wa babu yake. Mjukuu ana ruhusa ya kuvaa nguo za maiti, kuiga kikohozi chake, kuwazibia wageni njia na kuwadai pesa. Bajukulu wa Tata Kasongo walikuwa wengi na watundu. Mmoja alivaa kofia yake ya mgodini ikamfunika mpaka puani, akawa anapita akigonga miti na kutukana kwa sauti ya babu: "Nani alinificha viatu?" Hata mjane aliinamisha uso asionekane anatabasamu.

Numbi akawaendea wazee wa kilio, akapiga magoti. Akaomba afanye mtihani wake na bajukulu peke yao, upande wa pili wa uwanja. Wazee wakateta kidogo. Mkubwa wao akasema, "Kama ni bajukulu tu, ni haki yao. Lakini bajukulu tu, unasikia, mwana?"

"Nimesikia, tata."

Sasa, palikuwa na mtoto mmoja anaitwa Ilunga. Alikuwa kitinda mimba wa Tata Kasongo, amezaliwa uzeeni, mdogo kuliko baadhi ya bajukulu wale. Tangu baba yake atolewe nyumbani hakusema neno. Hakulia pia. Aliwekewa bukari, akaitazama mpaka ikapoa. Akina mama walisema ametulia vizuri, mtoto mwenye heshima. Mi nilikuwa nacheza naye kila siku, na macho yake yalinitia woga: kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mabwana walifika, viatu vimejaa vumbi, wakapewa viti. Numbi akachora duara lake safi, halafu akaanzisha mchezo wa kukwepa: mmoja anaingia katikati, wengine wanamrushia mpira wa matambara, akipigwa anatoka. Aliita kila anayeingia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mikeka, ili wazee wajue amri imefuatwa: "Mujukulu wa Kasongo, ingia!" Akaingia mwenye kofia, akapigwa ya kichwa, watu wakacheka. "Mujukulu wa Kasongo, ingia!" Akaingia mwingine.

Ilunga alikuwa ameinuka mkekani kwenda kukojoa. Wakati wa kurudi akasimama karibu na chokaa, mikono imening'inia. Numbi akamtazama. Nilikuwa nimekaa chini hatua chache tu kutoka pale, niliona na nilisikia. Alimnyooshea mkono akasema taratibu, si kwa ile sauti ya kuita:

"We, ingia."

Akaingia. Mpira wa kwanza aliuacha upite bila kusogea. Wa pili akajikunja. Wa tatu akaruka, kaptula ikamshuka, akaishika kwa mkono mmoja akawa anakwepa na mwingine, na kicheko kikamtoka. Kicheko kikubwa, kibaya, cha kukwama na kupasuka, na machozi yakaja pamoja nacho.

Mama Ngoie, dada mkubwa wa marehemu, alitoka kwenye sufuria na mwiko wa bukari mkononi, unga wa moto ungali umeushika.

"Mwana wa maiti anacheka! Munataka kutumalizia jamaa yote?"

Akampiga Ilunga mgongoni, begani, palipopatikana. Kisha akamgeukia Numbi.

"Na we, kichwa cha goli! Haumujue huyu ni mwana?"

Numbi alipiga magoti ndani ya chokaa. "Nilikosa, mama. Nilizania ni mujukulu."

Baba yetu alitoa kuku wa faini, kosa likasafishwa. Mmoja wa mabwana alizungumza Kifaransa kirefu, Tata Moniteri akatutafsiria akiwa ameinamisha kichwa: moniteri asiyejua watoto wake ni nani hawezi kukabidhiwa uwanja. Wakapanda gari. Kilio kilipoinuliwa, Numbi alirudisha sifle. Kabla ya mvua kukatika alikuwa ameolewa Mutshatsha, anachoma makaa. Kambi nzima ilimwita Nilizania mpaka alipoondoka, na mi niliitikia kicheko kama wengine, kwa sababu kweli lilikuwa kosa la kijinga.

Nimezeeka ndipo nimeelewa, tena kwa harufu ya mfuko uliopasuka. Angedhanije? Ilunga alizaliwa mlango wa pili. Numbi alimbeba mgongoni, alimwosha, alimfundisha kutembea kwa kumshikisha kamba ile ile ya duara. Wengine wote aliwaita bajukulu. Yeye hakumwita hivyo. Alisema tu, we, ingia. Alijua ni mwana, na alijua mabwana wamekaa pale. Lakini kama angesema alifanya kusudi, kuku asingetosha, maana kuku anasafisha kosa la kutojua tu. Kila homa ya nyumba ile, kila ajali ya Mashamba, wangemwekea mtoto yule kichwani maisha yake yote. Kwa hiyo akabeba ujinga. Nilipokuwa nanunua makaa yake Mutshatsha, miaka na miaka, tulibishana bei tu. Sikumuuliza. Sasa yuko chini ya udongo.

Ilunga yupo. Ni mlinzi kwenye geti la kampuni moja, mvi zimemjaa. Baada ya mvua ile nilimfuata getini, nikamkumbusha duara, mpira, kaptula. Alikuna kidevu.

"Mama, bile bintu sikumbuke. Mi nakumbuka mwiko wa shangazi tu."

Feza ananiuliza atafanyia wapi mazoezi yake. Nilimpeleka akaone. Uwanja wetu ni shimo sasa, limezungushiwa bati, na vijana waliopaswa kucheza juu wamo chini wanachimba madini. Sikumdanganya. Nilimwambia atapata karatasi yake, kisha atauza unga na mimi. Akachungulia tundu la bati. Halafu akauliza, "Huyo mutoto, koko, alicheka kweli?"

Nikamwambia alicheka. Kazi yote ya yaya wangu ilikuwa hiyo, mipira michache ya matambara, na aliyefanyiwa ameisahau. Nimebaki mimi niliyesikia, na kifua changu kimeshaanza kukohoa kama cha Tata Kasongo.