Pete ziko mfukoni mwangu na ndoa imeshafungwa

Leo nimechelewa ndoa ya rafiki yangu, na mimi ndiye msimamizi wake.
Pete zote mbili ninazo mimi.

Nimetoka Masasi alfajiri kuja Newala. Ndoa saa nane mchana. Nikasema ngoja kwanza nikaone Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mlima wa Newala.

Jamani, mimi mtu wa Mwanza nimezoea mlima wa kupanda. Huu hupandi. Unatembea tambarare, ghafla ardhi inaisha, na bonde lote la Ruvuma liko chini ya miguu yako.

Nikakaa ukingoni, nikaanza kupiga picha.

Akapanda mama mmoja kutoka kule chini, mzigo wa kuni kichwani.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Saa ngapi, mwanangu?"
Nikatazama simu. "Saa saba kamili."
Akatazama kivuli chake. "Saa saba na kivuli hiki? Haya."

Nikacheka kimoyomoyo. Nikaendelea kupiga picha.

Nakaribia kanisani, meseji za "uko wapi" zikaingia mfululizo. Saa ya simu ikaruka hapohapo, kutoka saa nane kasoro hadi saa tisa kasoro.

Kumbe kule ukingoni simu ilishika mtandao wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na wenzetu wako nyuma kwa saa nzima.

Ndani ni vigelegele. Bibi harusi kavalishwa pete ya shangazi yake.

Bwana harusi kaniuliza neno moja tu: "Ulikuwa wapi?"

Nisaidieni jibu. Nikimwambia simu yangu ilikuwa Msumbiji, atajua nimekunywa.