Kopo Moja Tu Mezani

Arvid Stordahl alijaza risasi za shabaha kwa mkono wake miaka mingi, na wapiga shabaha wote wa upande ule wa Montana walimjua kwa hilo. Anasafisha ganda lililokwisha kufyatuliwa, anatia fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti kwa mizani, anashindilia kichwa cha risasi. Kipimo alikitafuta kuanzia chini, akipandisha baruti chembe kwa chembe, mpaka matundu yote kwenye karatasi yakutane mahali pamoja. Haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka hukupasulia bunduki usoni.

Sheria yake aliikariri hadi watu wakamchoka: mezani kopo moja tu la baruti, maana aina mbili zikichanganyika ni hatari. Jingine halitoki kabatini mpaka la kwanza lirudi.

Macho yalipomnyima kulenga, kujaza ndiko kulikobaki kumfanya ajione mtu. Mmoja mmoja watu waliacha kumwomba risasi, ila rafiki yake Delmar Kuchera. Delmar alizichukua kabla ya kila mashindano, na akishinda anamsifu mbele za watu.

Asubuhi ya Alhamisi mkewe, Lorene, alimpelekea kahawa gerejini, alikojazia risasi.

"Arvid, mbona makopo mawili?"

"Mawili? Wapi?"

Yalikuwa mbele yake, yote wazi. Arvid akamimina kidogo kwenye karatasi nyeupe, akainamisha pua. Punje fupi na punje ndefu, kama ngano na shayiri gunia moja. Baki la kopo moja alikuwa amelimimina kwenye jingine. Lini? Hakukumbuka, maskini. Jumapili tu Delmar alikuwa ameondoka na boksi zima.

Akajaribu kumpigia simu, vidole vikakosea namba; Lorene akapiga, akampa simu.

"Delmar! Zile risasi usifyatue!"

"Taratibu, mzee. Kwa makelele yako mbwa wangu amekimbilia chini ya kitanda."

"Nimechanganya baruti. Itakupasua uso!"

"Uso wenyewe huu? Nani atajua tofauti?" Delmar akacheka peke yake, halafu akakoma. "Sijazifyatua."

"Mungu mkubwa. Zirudishe nizivunje, nitoe baruti."

"Nimeshazivunja, Arvid. Huwa nazivunja zote. Tangu mwaka juzi, ganda la moja liliponipasukia ndani ya bunduki. Nanunua za dukani, bwana."

"Lakini ulishinda. Ulisimama ukasema ni zangu."

"Nilisema, ndugu yangu. Ningesemaje?"

Arvid akaweka simu. Aliona aibu iliyomchoma kuliko moto wa baruti yoyote. Lorene alikuwa akifunika makopo, na usoni hakuwa na mshangao hata kidogo.

"Na wewe ulijua?"

"Uwanja mzima wa shabaha unajua, Arvid. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukwambia."

Akamsogezea kahawa karibu na mkono, ili asiitafute kwa kupapasa.